Nyonga ya Chitanda

Nilitazama mfupa.
Niandike hivyo kwanza, kabla sijajitetea.
Picha ya eksirei nimeiinua dirishani,
ufa mmoja mwembamba, haujasogea,
nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani:
"Una bahati, kaka. Lala wiki sita."

Chitanda Nandonde, mpakiaji, ghala la chama, Kitangari.
Fuso lilirudi nyuma na magunia mia na kitu ya korosho,
utingo alipiga kelele, dereva alisikia redio,
na kati ya bodi na ukuta alikuwamo yeye.
Ngozi haikupasuka. Sakafuni hata tone.
Alama ya bluu tu juu ya paja, pana kama sahani ya wali.
Nikaandika: mchubuko.
Nikaandika: diklofenaki.
Nikamwita anayefuata.

Siku ya tisa Somoe, mkewe, alinisimamisha koridoni,
beseni mkononi, kitenge kimelowa.
"Daktari," (mimi ni tabibu, sikumsahihisha)
"nikimwogesha, ngozi inatembea.
Inatembea peke yake, nyama inabaki.
Kama shuka juu ya godoro."
Mama mkwe alikuwa amemkanda kwa maji ya moto siku tatu,
uvimbe ukanenepa.

Nikaweka viganja viwili.
Nikabonyeza huku, wimbi likanijibu kule.
Nikachukua pamba, nikampapasa: "Unasikia?"
"Nasikia unavyouliza," akasema. "Mkono siusikii."

Mliokaanga korosho mnaijua
ile ngozi nyembamba ya ndani, nyekundu:
moto ukiipata huachia punje,
ukiisugua kwa dole gumba inateleza,
bado imeifunika, lakini haijaishika.
Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilivuta ngozi na mafuta yake kwenda zake,
utando wa msuli ukabaki ulipo,
vijishipa vilivyovuka katikati vikakatika kimya,
na pale palipoachana
pakaanza kujaa.

Sisi wa uwandani, ambao mama zetu
waliteremka bondeni alfajiri kwa ajili ya ndoo moja,
maji yametufuata hapa,
mahali ambapo hakuna aliyeyaomba.

Altrasaundi ilionyesha ziwa jeusi, limelala bapa.
Nikapiga simu Mtwara mjini. Daktari Nachundu hakunigombeza,
na hilo ndilo lililoniuma.
"Kwa kiasi hicho ukivuta kwa sindano tu, litajaa tena.
Wala usipasue lote. Ngozi hiyo inakula kwa mkopo.
Mfunge bandeji ya kubana, mlete."

Matundu mawili madogo, moja juu, moja chini.
Kikatoka kitu cha rangi ya chai iliyolala,
matone ya mafuta yakielea kama juu ya mchuzi.
Wakasuuza, wakasuuza, mpaka maji yakatoka yalivyoingia.
Mpira wa kutolea uchafu, bandeji toka kiunoni hadi gotini,
na mimi, niliyeomba kubaki, nikisoma chupa kila asubuhi:
mia na themanini. Tisini. Tisini tena, nikakosa usingizi.
Hamsini. Ishirini na tano.
Wakautoa mpira.
Ukingo mmoja wa ngozi uliingia weusi, kama sarafu,
tukausubiri bila kuugusa, ukabanduka wenyewe.

Siku hizi aliyebanwa, aliyeburutwa, aliyetupwa na bodaboda,
picha naiweka mezani, inasubiri.
Namgeuza. Napapasa nyonga zote mbili, nalinganisha.
Namwambia arudi siku ya tatu, na ya saba, hata kama hakuumwa,
kwa kuwa maji haya hayana haraka.
Manesi wananiita Bibi Viganja. Nacheka nao.

Januari alikuja kwa miguu, na kifuko cha korosho zilizokaangwa,
akilalamika kwamba chama hakijamlipa hata senti.
Nikamuuliza kuhusu nyonga.
Akainamisha kichwa, akaigonga kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, taratibu, kama mtu mlangoni kwa jirani.
"Hodi," akasema.
Akatega sikio.
"Bado hawajaitikia."